Ishara za Mwili: Maumbile au Malezi?

Mwanadamu husema kwa ulimi. Husema pia kwa uso, mikono na mabega. Je, lugha hii isiyo na maneno huzaliwa nayo au hufunzwa? Madhumuni ya makala haya ni kufuata historia ya mjadala huo, kwani jawabu lake limewahi kutumiwa kuwabagua watu.

Mnamo 1867 Charles Darwin aliwapelekea wamisionari na watu wengine wakaao ng'ambo maswali juu ya nyuso za wenyeji. Alipata majibu 36. Katika kitabu chake cha 1872 alishikilia kuwa ishara kuu za hisia ni za maumbile. Alimtaja Laura Bridgman, Mmarekani kiziwi na kipofu, aliyecheka na kupiga makofi kwa furaha ingawa, kwa maoni ya Darwin, hakuweza kujifunza hayo kwa kuiga.

Baadaye hoja hiyo ilipotoshwa. Wafuasi wa Unazi walidai kuwa kila taifa hurithi ishara zake katika damu. Mwaka 1941 David Efron aliwajibu. Aliwachunguza wahamiaji wa New York, Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki na Waitalia wa kusini, akaona ishara zao za mikono zatofautiana sana. Lakini wazao wao waliozoea maisha ya Kimarekani walifanana. Damu ilikuwa ile ile. Mazingira ndiyo yaliyogeuka.

Mnamo 1971 Paul Ekman na Wallace Friesen waliirudisha hoja ya maumbile. Wafore wa New Guinea, waliochangamana kidogo mno na wageni, walizitambua picha nyingi za nyuso za hisia, ila hofu hawakuitenga na mshangao. Hata hivyo, uchunguzi uliotolewa 2016 ulionyesha kuwa vijana wa visiwa vya Trobriand huuona uso uitwao wa hofu kuwa wa kutisha.

Basi yafaa tutenganishe mambo mawili. Kucheka na kulia vina mizizi katika maumbile. Lakini kusonya, kukonyeza na kubetua midomo ni mapokeo, yenye sarufi yake. Carol Eastman na Yahya Ali Omar walizieleza ishara za Waswahili mwaka 1985. Kazi hiyo yastahili kuendelezwa, maana mtoto ainamishaye macho mbele ya mkubwa hutoa heshima. Asiyefunzwa ishara hiyo atamhukumu kuwa mwongo.