Safu Moja katika Daftari la Astrida



Kumbukumbu za utawala wa shule huonekana kavu: majina, miaka, hesabu. Hata hivyo, zipo ambazo mwalimu wa lugha anapaswa kuzisoma kwa makini kama asomavyo shairi. Mojawapo ni takwimu za uandikishaji za Groupe Scolaire ya Astrida, mji ulioitwa Butare baada ya uhuru na ambao leo umo katika Wilaya ya Huye.

Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1929 na mabruda wa Kikatoliki wa shirika la Frères de la Charité kutoka Ubelgiji, kwa makubaliano na serikali ya kikoloni. Iliandaa machifu wa baadaye, makarani, na wasaidizi wa tiba, mifugo na kilimo kwa ajili ya Ruanda-Urundi nzima. Mwanamfalme Louis Rwagasore wa Burundi alisoma hapo. Aliyehitimu alikuwa na uhakika wa kazi. Aliyekosa nafasi alifungiwa mlango wa utawala.

Takwimu hizo, ambazo mtaalamu wa siasa René Lemarchand alizichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1970, zinaonyesha kuwa mwaka 1932 palikuwa na Watutsi 45 na Wahutu 9. Mwaka 1959 walikuwa 279 na 143. Yaani, kutoka Mhutu mmoja katika kila wanafunzi sita hadi mmoja katika kila watatu. Wengi hubishana juu ya hesabu hizo. Sisi watu wa lugha tuanze na kichwa cha safu.

Wabelgiji walitumia neno la Kifaransa race. Kwa Kinyarwanda likawa ubwoko. Lakini ubwoko ni ukoo pia: Abasinga, Abega, Abazigaba, na ukoo mmoja una Watutsi, Wahutu na Watwa. Nasi kwa Kiswahili tukaandika kabila, ingawa Wanyarwanda wote wana lugha moja na wameishi pamoja katika vilima vilevile. Kila tafsiri iliongeza tofali kwenye ukuta.

Safu hiyo haikuondoka na Wabelgiji mwaka 1962. Ilibaki katika vitambulisho na shuleni, ila sasa iliwageukia wengine. Mwaka 1973, orodha za majina ya wanafunzi Watutsi zilibandikwa katika Chuo Kikuu huko Butare, nao wakafukuzwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno moja kwenye kitambulisho lilitosha kumwondolea mtu uhai kwenye kizuizi cha barabarani. Ni baada ya hapo ndipo lilipoondolewa.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Wanafunzi wetu watazidi kutafsiri nyaraka za aina hii. Basi tuwafundishe kutafsiri kichwa cha safu kabla ya tarakimu: waliache neno la asili mahali pake, waeleze nani alilitumia na mwaka gani, wala wasikimbilie kuandika kabila kwa mazoea tu. Karani aliyechora safu ile huenda alidhani anahesabu wanafunzi tu. Sisi tunajua ilikoishia.