Ushahidi wa Bei Chee: Stempu, Sarafu na Jezi katika Pwani ya Ruvuma

Mwaka 1916 Wareno walitoa stempu kwa ajili ya Kionga, kile kipande cha ardhi kilicho kusini mwa mdomo wa Mto Ruvuma ambacho Wajerumani walikuwa wamekitwaa mwaka 1894. Majeshi ya Ureno yalikirejesha Aprili 1916, na katika haraka ya kuonyesha kwamba sasa mwenyewe karudi, hawakuwa na muda wa kuchora stempu mpya. Walichukua stempu za zamani za Lourenço Marques zenye sura ya Mfalme Carlos, aliyeuawa mwaka 1908. Juu ya sura hiyo palikwisha pigwa neno la Jamhuri baada ya mapinduzi ya Lisbon ya mwaka 1910. Sasa juu ya mfalme na juu ya jamhuri likapigwa neno jingine, KIONGA, pamoja na thamani mpya. Karatasi isiyozidi ukubwa wa kidole gumba ikawa imebeba tawala mbili na vita moja. Mwaka mmoja na nusu baadaye kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma akawachapa Wareno kule Ngomano, lakini Mkataba wa Versailles ukawaachia Kionga yao. Ukimwambia mtu wa Likombe au Msimbati kwamba mpaka anaouona kama kitu cha milele umewahi kuchezeshwa namna hiyo, stempu hii itamshawishi upesi kuliko ramani.

Naanza na stempu hiyo kwa sababu inabeba hoja ninayotaka kuitetea: katika pwani hii ya kusini, vitu vidogo vya bei rahisi ni mashahidi wa historia wanaoaminika zaidi ya vitu vya thamani, na mtu anayechakura kwenye meza za vikorokoro na marundo ya mitumba akitafuta sarafu, stempu, kadi za uanachama au jezi kuukuu anafanya kazi ambayo taasisi zetu hazijaifanya. Sababu ni nyepesi. Kitu cha thamani hutunzwa, husafishwa, hughushiwa, hupambwa kwa hadithi. Kila kizazi kina faida ya kukifanya kiseme kinachotakiwa. Kitu cha bei chee hakuna aliyekijali. Kilipotea mfukoni, kikasahaulika ndani ya kitabu, kikafungwa kwenye belo huko Ulaya. Kilivyo ndivyo kilivyokuwa.

Sarafu zinathibitisha hili mapema kabisa. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba kwa wingi kwa karne kadhaa, na za dhahabu zinazojulikana ni chache mno, zikiwemo za al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Anayetaka kusifia utajiri wa Kilwa atakimbilia dhahabu. Lakini ni shaba inayotueleza namna watu walivyoishi: kwamba palikuwa na soko la kila siku, manunuzi madogomadogo ya watu wa kawaida, yaliyohitaji chenji. Dhahabu inatuambia tu kwamba sultani alikuwa sultani, jambo ambalo hatukuwa na shaka nalo. Tena ni sarafu ya shaba ya sultani huyohuyo iliyookotwa Great Zimbabwe, ikawa kiungo cha wazi kati ya pwani na bara la dhahabu.

Hali ni ileile miaka mia sita baadaye. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na meli za Waingereza na fedha haziingii tena kutoka kwao, walifungua kiwanda cha dharura Tabora wakafua sarafu zao wenyewe. Walifua vipande vya dhahabu vya rupia 15 vyenye picha ya tembo, na vipande vya heller 20 na heller 5 vya shaba kwa wingi, mpaka Wabelgiji walipoingia mjini Septemba mwaka huo. Tembo wa dhahabu anatafutwa dunia nzima, na kwa sababu hiyohiyo ana nakala bandia nyingi. Heller 20 ya Tabora, yenye herufi zilizokaa vibaya na kingo zisizo sawa, haina wa kuihangaikia. Ubovu wake ndio habari yenyewe: hapa palikuwa na dola iliyoishiwa, ikifua chenji kwa mabaki ili askari na wapagazi walipwe. Hakuna ripoti ya gavana inayokiri unyonge huo kwa uwazi kama kile kipande cha shaba.

Hapa niseme jambo kuhusu ugonjwa unaotusumbua, maana wapo watakaosoma makala haya wakifikiri nawapa ramani ya hazina. Katika mikoa mingi ya Tanzania, kusini ikiwemo, kuna imani kwamba Wajerumani waliacha mali wamezifukia, na kwamba rupia ya mkoloni ikipatikana inamtajirisha mtu usiku mmoja. Watu wamechimba chini ya magofu na mizizi ya mibuyu. Matapeli wameishi mjini kwa biashara hiyo. Ukweli wa soko la sarafu ni mkavu zaidi: heller nyingi za shaba zilifuliwa kwa mamilioni na bei yake ni ya kawaida kabisa. Hiyo ndiyo nafuu yake kwa mwanahistoria. Siku ikianza kuuzwa kwa mamilioni ya shilingi, tutakuwa na heller bandia kila kona na hatutaweza kuamini hata moja.

Wamarekani wamekwisha kuipitia njia hiyo kwa kadi za michezo. Kadi hizo zilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kama vipande vya karatasi ngumu vya kuzuia sigara zisipondeke ndani ya pakiti. Baadaye zikahamia kwenye peremende. Watoto walizikunja na kuzichezea, mama wakazitupa. Agosti 2022 kadi moja ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12.6. Ilifika huko kwa kuwa ilionekana takataka, na zilizosalimika katika hali nzuri ni chache. Sasa kadi za aina hiyo zinahitaji kampuni za kuzikagua na kuzifungia ndani ya plastiki, maana hakuna anayemwamini mwenzake.

Afrika Mashariki hatukuwa na kadi za namna hiyo. Hatukuwa na kampuni ya peremende yenye kuweka sura ya mwanasoka Sunday Manara kwenye pakiti, na albamu za Panini, ambazo kwa Kombe la Dunia zilianza Mexico mwaka 1970, hazikuwa mali ya mtoto wa Mikindani. Lakini tulikuwa na posta. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja tangu mwaka 1935, na mpango huo, baadaye chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukaendelea kutoa matoleo ya michezo: Tokyo 1964, Mexico 1968, Munich 1972. Toleo la Montreal la mwaka 1976 ndilo ninalolihesabu kuwa kadi yetu ya kwanza ya wanamichezo. Kila nchi iliandika jina lake, ila picha zilikuwa zilezile: John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa Munich wa mita 400 kuruka viunzi, Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na bondia Steve Muchoki wa Kenya. Mtu akinunua stempu ya Tanzania, senti hamsini tu, anampata Mganda.

Hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyeshindana Montreal. Nchi zote tatu zilisusia michezo hiyo pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, kupinga timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu huku New Zealand ikiachwa ishiriki Olimpiki. Mbio za mita 1,500 zilizongojewa kwa hamu, Bayi na John Walker wa New Zealand ana kwa ana, hazikuwapo. Walker akachukua dhahabu. Mwaka uliofuata Jumuiya yenyewe ikavunjika. Kwa hiyo stempu ya Bayi inaadhimisha mbio asizokimbia, imetolewa kwa mpango wa pamoja wa nchi zilizokuwa zinaachana. Nani angebuni kitu kama hicho?

Na hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo si dogo. Mtu atasema: basi vitu hivi vinasema uongo. Stempu inasherehekea kisichotokea, tutaiitaje shahidi? Anaweza kuongeza mfano mbaya zaidi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ilitoa, kupitia wakala wa New York, stempu chungu nzima za Kombe la Dunia, za waigizaji wa sinema, za wanyama wa kale, na nyingi hazikuwahi kubandikwa kwenye barua hata moja hapa nchini. Zilichapwa kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo. Nakubali ukweli wa maelezo hayo, nakataa hitimisho lake. Stempu hizo hazituelezi lolote kuhusu barua zetu, lakini zinatueleza sana kuhusu njaa yetu ya fedha za kigeni katika miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, ambapo hata jina la nchi lilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje. Shahidi anayesema uongo bado ni shahidi, almradi uulize kwa nini anaongopa.

Mitumba nayo ina uongo wa aina hiyo. Biashara hiyo ilipata nguvu nchini pale uchumi ulipofunguliwa miaka ya 1980, na jaribio la nchi za Jumuiya mpya kuizuia, lililotangazwa mwaka 2016, lilififia Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za biashara. Rwanda pekee ndiyo iliyokaza ikaadhibiwa. Ndani ya marobota ya nguo zinazokuja Afrika zimo fulana za ushindi usiokuwapo. Kabla ya fainali ya kandanda ya Kimarekani huchapwa fulana za ubingwa za timu zote mbili, na za aliyeshindwa hutolewa msaada mbali na macho ya mashabiki wake; baada ya fainali ya mwaka 2011 za Pittsburgh Steelers zilipelekwa nchi kadhaa, Zambia ikiwa mojawapo. Hii si kadi ya michezo kwa jina, ila kwa kazi ni ileile: karatasi au pamba iliyobeba sura ya ushindi, ikanunuliwa kwa jero au buku na mtu asiyejua nani alicheza na nani. Mwenye kuikuta kwenye rundo ameshika kumbukumbu ya namna dunia inavyomwaga mabaki yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitajifanya nimelimaliza. Wanaakiolojia husema kitu kikiondolewa mahali pake bila maelezo kimekufa nusu. Mfano wao mzuri umetoka kwetu. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, akaziweka koponi. Zilitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Zilifikaje? Kwa jahazi, kwa meli ya Wareno, kwa Wamakassar? Hadi leo ni mabishano, kwa kuwa hakuna aliyeandika zilikaa vipi mchangani. Sarafu inayofika kwenye meza ya muuza vikorokoro Mtwara ina ugonjwa huohuo. Lakini tofauti ipo: soko lina mdomo. Muuzaji anajua alinunua kwa nani, kijiji gani, nyumba gani ilibomolewa. Swali moja wakati wa kununua, likaandikwa kwenye bahasha pamoja na tarehe, linarudisha nusu iliyokufa. Mkusanyaji asiyeandika anastahili lawama zote anazopewa.

La tatu ni la sheria. Kutafuta vya zamani kusigeuke kupora. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, hivyo shaba ya Kilwa si ya kununua kwenye meza, ni ya kuitolea taarifa. Sina ubishi hapo. Mipaka ya sheria hiyo inaacha nje, hata hivyo, karibu kila kitu nilichokitaja baada ya Kilwa: heller, stempu, fulana. Milango ya kuchonga ilifikiriwa, ikalindwa hata ile ya kabla ya mwaka 1940; karatasi na chenji za watu wa kawaida hazikuwa na mtetezi. Zimebaki mikononi mwa soko, na soko hutunza kile tu kinachouzika.

Chukua Ndanda FC. Klabu ya Mtwara ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, ikacheza kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona dhidi ya Simba na Yanga, ikashuka mwisho wa msimu wa 2019/20. Jezi zake za miaka hiyo hazikuchapwa kwa wingi. Nyingine zimekuwa nguo za kulimia mikorosho, nyingine zimekuwa vitambaa vya kufutia pikipiki, chache zinaning'inia katikati ya mitumba ya Ulaya zikiwa za bei ya chini kuliko jezi ya timu ya daraja la tatu ya Ujerumani. Tiketi za mechi zile zilikuwa vipande vya karatasi vya kuchanwa mlangoni. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam hayana sababu ya kuzifuata, na klabu yenyewe ina shida kubwa zaidi za kushughulikia. Anayeweza kuzipata kwa sasa ni mtu wa Likombe au Chuno mwenye shilingi elfu mbili na subira ya kupekua, tena akiwahi kabla ya msimu wa kupalilia.