Wenyeji, Wakuja na Kura ya Mombasa

Tarehe 13 Januari 1947 kazi zilisimama Mombasa. Makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wapishi na maboi wa nyumba za Wazungu, watu wapatao 15,000 kwa jumla, waligoma kwa siku 12. Walikutana kila siku katika kiwanja cha mpira kule Majengo, wakakipa jina la Kiwanja cha Maskini, na hapo wakasikiliza hotuba na kujadili mshahara, bei ya posho na kodi ya vyumba. Chama kilichozaliwa katika mgomo ule, African Workers' Federation, kilikuja kuongozwa na Chege Kibachia, kijana Mkikuyu aliyefika Pwani kutoka bara. Agosti mwaka huohuo serikali ilimkamata, ikampeleka kizuizini Baringo.

Mwendo mfupi tu kutoka Majengo, katika Mji wa Kale, siasa ilikuwa na desturi nyingine. Ilizungumzwa kwenye baraza za nyumba, baina ya watu waliojuana mpaka mababu. Mwenye hoja aliipeleka kwa liwali au kwa kadhi. Mwenye hasira aliitungia shairi, akajibiwa kwa shairi. Haki ilidaiwa kwa kutaja mkataba: nani alitia sahihi, mwaka gani, kwa masharti gani.

Tangu wakati huo ugomvi wa wapwani na wabara umekuwa ukielezwa kama ugomvi wa tabia. Mpwani, tunaambiwa, ni mpole, hapendi vurugu, siasa kwake ni mazungumzo ya jioni. Mbara ana haraka, anapenda mikutano na makelele. Maelezo haya siyakubali, na historia yenyewe inayakataa. Watu wa Pwani walimpiga Mwingereza vita zaidi ya mara moja: Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui mwaka 1895, kisha Wagiriama wakati wa Mekatilili wa Menza, mwaka 1913 na 1914. Kilichowagawanya wenyeji na wakuja ni swali la nani mwenye ardhi, na kura ya nani ihesabiwe wapi.

Tazama nyumba moja ya Majengo ya wakati ule. Ni nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande. Mwenyewe, pengine bibi wa mjini aliyejenga kwa akiba yake, anaishi chumba cha mbele, na vyumba vingine anavikodisha kimoja kimoja kwa vijana wa bandarini. Mpangaji wa bara anamwona huyu bibi kuwa ndiye mwenye mali, na kodi ikipanda anamlalamikia yeye. Kumbe kiwanja si chake. Kila mwezi naye anampelekea mwenye shamba kodi ya ardhi, na siku mwenye shamba akitaka ardhi yake, nyumba itavunjwa. Mpango huu Mombasa unaitwa nyumba bila ardhi, na haujaisha hadi leo. Mgomaji wa 1947 na mwenye nyumba wake walikuwa na mdai mmoja, lakini waliishi wakitazamana wao kwa wao.

Chanzo cha hali hiyo ni sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Kwa mkataba wa 1895 Uingereza ilikuwa imekodi kwa Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi kutoka baharini, na ndani ya ukanda huo serikali ilitaka kila mdai alete ushahidi wa umiliki. Waliokuwa na nyaraka, au waliojua njia za mahakama, walipata hati. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ushahidi wake ni makaburi na minazi, wengi wao walitoka mikono mitupu. Mashamba yao yakawa ya serikali au ya matajiri, na wao wakawa maskwota pale walipozaliwa. Hapo ndipo lilipoanzia neno zito la Pwani, kwamba mtu anaweza kuwa mgeni kwao.

Kwa hiyo uhuru ulipokaribia, hata wenyeji hawakuwa na kauli moja. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza hatima ya ukanda wa Sultani. Waarabu na Waswahili wengi walidai Mwambao, yaani ukanda huo, ujitawale, au angalau usimezwe na Nairobi. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Sheikh Abdillahi Nassir wa Coast People's Party. Ronald Ngala, Mmijikenda wa Kigiriama aliyekuwa ameingia Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa 1957, hakuwaunga mkono. Kwa Mmijikenda, Mwambao huru ungeweza kumaanisha kubaki chini ya mwenye shamba yuleyule. Ngala alichagua njia ya kati: Pwani iwe ndani ya Kenya, lakini iwe jimbo lenye bunge lake na usemi juu ya ardhi yake. Ndiyo iliyokuwa siasa ya chama chake, KADU, na katiba ya 1963 iliipa nafasi.

Upande wa pili walikuwako watu wa bandari na reli. Mgomo wa bandarini wa 1955 ulikuwa umesuluhishwa na Tom Mboya, na chama cha wafanyakazi wa bandari kilikuwa na nguvu mjini. Kwao majimbo yalisikika kama notisi ya kuhama. Mtu aliyefanya kazi Kilindini miaka 20, mwenye watoto wasiojua lugha nyingine ila Kiswahili cha Mombasa, aliambiwa jimbo lake liko Nyanza au Ukambani. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Ya Ngala nayo ilikuwa ya haki, na jambo la kusikitisha katika mwaka 1963 ni kwamba hakuna aliyetafuta mpango wa kuzituliza zote mbili. Oktoba mwaka huo mkataba ulitiwa sahihi London, ukanda ukawa sehemu ya Kenya, mahakama za kadhi zikahakikishiwa nafasi yake. Baada ya mwaka mmoja KADU ilijivunja, na majimbo yakafutwa.

Aliyedhani mstari kati ya kambi hizi mbili ulikuwa ukuta, atazame nyumba ya Sheikh Abdillahi Nassir mwenyewe. Nduguye mdogo, Abdilatif Abdalla, alijiunga na KPU, chama cha Jaramogi Oginga Odinga, mtu wa Nyanza. Mwaka 1968, wagombea wa KPU walipozuiwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, kijana huyu wa Mombasa aliandika na kusambaza karatasi iliyoitwa Kenya: Twendapi? Alifungwa miaka mitatu. Mashairi aliyotunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kaka alidai haki ya Pwani kwa mkataba, mdogo akadai haki ya Wakenya wote kwa chama cha upinzani, na alipotiwa ndani alirudia silaha ya mji wake, ushairi. Kwangu mimi huyu ndiye kielelezo bora cha siasa ya Mombasa kuliko hotuba zote za wanasiasa wa ukabila.

Serikali za baadaye hazikuitaka siasa ya namna hiyo. Kuanzia miaka ya 1970 walowezi kutoka bara walipewa mashamba Mpeketoni, wilayani Lamu, huku maskwota wa Pwani wakiendelea kungoja hati. Viwanja vya ufuo viligawiwa wakubwa. Kila ugawaji wa aina hiyo uliwapa wenyeji sababu mpya ya kumtazama jirani wa bara kama mnyang'anyi, hata kama jirani huyo alikuwa mpangaji wa chumba kimoja asiyemiliki chochote.

Vyama vingi viliporudi, hesabu ya kura ikawa jambo la hatari. Mbunge wa Changamwe wakati huo, Kennedy Kiliku, alikuwa na asili ya bara, na mwaka 1992 ndiye aliyeongoza kamati ya Bunge iliyochunguza mapigano ya kikabila ya Bonde la Ufa. Miaka mitano baadaye ugonjwa alioueleza ulibisha hodi ng'ambo ya maji kutoka mjini kwake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni karibu na kivuko, wakaua askari, wakachukua bunduki. Kisha wakageukia vibanda na nyumba za wabara. Vijikaratasi vya kuwataka waondoke vilisambazwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika wiki zilizofuata, na wapatao 100,000 walihama. Wengi walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni.

Vijana wale walikuwa wameapishwa katika msitu wa Kaya Bombo na kuahidiwa kwamba ardhi na kazi vitarudi kwa wenyewe. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha mkono wa wanasiasa wa chama tawala, kwa kuwa wabara wa Likoni walihesabiwa kuwa kura za upinzani na uchaguzi ulikuwa Desemba. Ripoti ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, ilikamilika 1999 na ikafichwa hadi 2002. Nawaonea uchungu waliouawa, na nawaonea uchungu pia vijana wa Kidigo waliotumwa. Dai lao la ardhi lilikuwa la kweli, na waliolitumia hawakuwa na nia ya kulitimiza.

Dai hilo halikufa. Mombasa Republican Council ilijitokeza kwa nguvu kuanzia 2008 na kauli yake ya "Pwani si Kenya", ikishika mikataba ileile ya 1895 na 1963. Ilipigwa marufuku 2010, na Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Kaunti zilipoanza kazi 2013, sehemu ya hoja ya Ngala ilirudi, safari hii katika katiba inayompa kila Mkenya haki ya kuishi na kupiga kura popote. Mwaka huohuo wapiga kura wa Nyali walimchagua Hezron Awiti kuwa mbunge wao, jina la Kijaluo katika Mombasa ya mshairi Muyaka.

Halafu ikaja reli mpya ya 2017. Mizigo ilipolazimishwa kupanda treni hadi Nairobi kabla ya kutolewa, madereva wa malori, makuli, mawakala wa forodha na wauza chakula wa Changamwe na Miritini walikosa kazi bila kuulizwa asili zao. Mwaka 2019 waliandamana mjini, wabara na wapwani pamoja. Njia yao ilikuwa ya Kiwanja cha Maskini, miguu barabarani na mabango mkononi. Hoja yao ilikuwa ya barazani: bandari ni ya Mombasa, na Nairobi haiwezi kuihamisha kwa amri. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba uondoaji wa mizigo unarudishwa bandarini.

Kwenye ardhi ushirika wa aina hiyo bado haujaonekana. Maskwota wa Kilifi na Kwale wanadai peke yao, wapangaji wa Likoni na Kisauni wanadai peke yao, na wenye nyumba bila ardhi wa Majengo wanaendelea kulipa kodi ya kiwanja kila mwezi.