Chakula cha moyo kwa wazee wa Ufipa: tahadhari na chumvi iliyojificha

MZEE anayeishi Sumbawanga au katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa hana haja ya kutafuta mbali chakula cha kulinda moyo wake. Mahindi, ulezi, maharage na alizeti hulimwa huko huko, na samaki hutoka Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Hatari hujificha katika upishi.

Kadiri umri unavyosogea, mishipa ya damu hukakamaa na figo hupungukiwa na uwezo wa kutoa chumvi mwilini. Shinikizo la damu hupanda na, lisipodhibitiwa, huweza kuleta kiharusi au kuufanya moyo ushindwe kufanya kazi. Ulimi nao hupoteza wepesi wa kuonja, hivyo mzee huongeza chumvi bila kujua kwamba amezidisha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho kinajumuisha chumvi iliyomo katika samaki wakavu. Magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive haraka nayo yana sodiamu, madini yale yale ya chumvi yanayopandisha shinikizo.

Samaki wa chumvi walowekwe, maji yamwagwe, kisha wapikwe bila kuongezewa chumvi. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi bila magadi. Ndimu, kitunguu na tangawizi hutosha kuleta ladha.

Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, kwa kuwa hubaki na nyuzinyuzi. Ulezi nao humfaa mzee ukiwa uji kuliko ukiwa kimpumu, kwani pombe hupandisha shinikizo. Mafuta yanayoganda kwa baridi ya Sumbawanga, kama mawese na ya wanyama, huongeza lehemu katika damu. Ya alizeti ni afadhali, nayo yatumike kwa kiasi.

Hata hivyo, chakula hakichukui nafasi ya dawa. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, hivyo mzee apimwe mara kwa mara, na mwenye maradhi ya figo amwone daktari kabla ya kubadili mlo.