Gurudumu na Watoto wa Mikumi

Historia ya gurudumu katika nchi ya Kilosa ina mkasa wa kuchekesha. Mwaka wa 1871 Henry Morton Stanley, akienda kumtafuta David Livingstone, alipita Usagara katika bonde la mto Mkondoa. Alikuwa na kigari kilichoundwa Unguja ili kiwapunguzie wapagazi mizigo ya vichwani. Lakini njia ilikuwa nyembamba, na masika yaliigeuza tope. Siku moja mpagazi aliingia kambini amejitwika kigari chenyewe kichwani, magurudumu na yote. Stanley alipoona hayo alikata tamaa nacho, kikaachwa katika matete.

Kosa halikuwa la gurudumu. Kigari kiliundwa mbali na njia yake, na aliyekivuta hakuulizwa neno wakati wa kukiunda. Gurudumu lilirudi pamoja na njia yake. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905 ilipita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Tawi lake lilifika Mikumi mwaka wa 1960, na Kidatu mwaka wa 1965. Barabara kuu iendayo Iringa hata Zambia nayo ikapita Mikumi. Hivyo wajukuu wa watu waliobeba kwa vichwa wakazaliwa penye mngurumo wa malori.

Macho ya mtoto hayalali. Penye barabara, watoto wa Tanzania wameunda magari yao: madogo kwa waya, makopo na soli za kandambili, makubwa kwa mbao, magurudumu yakiwa vipande vya gogo au beringi kuukuu. Kamba iliyofungwa kwenye ncha mbili za mti wa mbele ndiyo usukani. Kazi hii haina mpweke, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja hutafuta misumari, mwingine huchonga. Mmoja huwa dereva, mwingine utingo wa kusukuma mpaka mteremko upokee kazi. Kundi likishindwa, hukaa chini likatafuta sababu: gurudumu limepinda, au mti umekauka bila mafuta. Hapo muundaji ndiye mpandaji, na kosa la mkono wake hulipwa na goti lake. Elimu hiyo kigari cha Stanley hakikuwa nayo.

Mashindano ya wakubwa yameandikwa. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka wa 1953 na kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, zina majina ya washindi wake. Hata mbio za vigari vya watoto zilizofanyika Dayton, Marekani, mwaka wa 1933 zilipata mwandishi wa gazeti wa kuzitangaza. Vigari vya watoto wetu havikupata mwandishi. Vilivunjwa vikawa kuni, na ufundi wake ukaitwa utundu.

Jina hilo lina hasara mbili. Mtoto aitwaye mtundu hunyang'anywa nyundo kabla hajawa fundi. Tena hafikiriwi uwanja, naye huufuata mteremko wa barabara kuu, ambako lori halijui mchezo. Wazee wanaoutaka ufundi wa kesho hawana budi kuwapa watoto mteremko ulio mbali na malori, na misumari michache. Gurudumu lililoachwa katika matete ya Mkondoa limepata waundaji wake. Lililobaki ni kuwahifadhi.