Saa ya Bao Dai

Katika mwezi wa Mei, 2017, mjini Geneva, saa moja ya mkono iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 5 za Kimarekani. Kabla ya siku ile hapana saa ya Rolex iliyopata kufikia bei hiyo katika mnada. Miaka kumi na mitano nyuma, mwaka wa 2002, saa hiyo hiyo ilinadiwa na kampuni ile ile ya Phillips, ikaenda kwa dola 235,000 hivi. Katika muda huo dhahabu yake haikuongezeka uzito, wala almasi zake hazikuzaa. Kilichokua ni jina. Wakusanyaji wa saa huiita ‘Bao Dai’, na mwenye jina hilo alikuwa mfalme wa mwisho wa Vietnam. Mimi si mkusanyaji, na mshahara wa mwalimu haujanipa kishawishi cha kuwa mmoja wao. Nataka kuitazama saa hii kama mwanahistoria aitazamavyo hati.

Ni saa ya dhahabu ya manjano, upana wake milimita 36, ya aina ambayo kiwanda kiliipa namba 6062 na kuanza kuiuza mwaka wa 1950. Haihitaji kutiwa ufunguo, kwa maana mwendo wa mkono wa mvaaji huijaza nguvu. Uso wake huonyesha siku ya juma, tarehe, mwezi, na umbo la mwezi wa mbinguni tangu uandamapo hata upevukapo na kufifia. Nyuso za saa za aina hii kwa kawaida zilikuwa nyeupe au za rangi hafifu. Hii ni nyeusi. Zajulikana tatu tu zenye uso mweusi na alama za almasi, na katika hizo tatu ni hii peke yake iliyowekwa almasi penye saa za shufwa. Msomaji aniwie radhi kwa mchepuko mdogo: kwa kuwa hesabu yetu ya saa hupishana na ya Kizungu kwa saa sita kamili, na sita ni shufwa, almasi hizo hubaki katika shufwa hata zikisomwa Kiswahili. Penye mbili yao pana nane yetu, na penye kumi yao pana nne yetu.

Lakini yako jambo moja ambalo uso ule hauonyeshi, nalo ni mwaka. Saa hutaja Ijumaa, hutaja tarehe 7, hutaja Mei, kisha hunyamaza. Mwaka huletwa na hadithi.

Na hadithi isimuliwayo na wanadi ni hii. Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa 1954, Bao Dai alikuwa Geneva. Akaingia katika duka la sonara lililokuwa karibu na hoteli yake, akataka aonyeshwe saa ya Rolex iliyo adimu na yenye thamani kuliko zote. Alizoonyeshwa akazikataa moja baada ya moja, mpaka wenye duka wakapeleka habari kiwandani, ikaletwa hii. Ni hadithi tamu, na utamu wake ni sehemu ya bei. Katika kuisimulia, mwaka wa 1954 hutajwa upesi, kama pambo jingine.

Mwaka ule haukuwa pambo. Tarehe 7 Mei ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu iliangukia mikononi mwa Viet Minh, na kesho yake wajumbe wa mataifa wakaanza kujadili habari ya Indochina katika mji huo huo wa Geneva. Mwezi wa Julai mapatano yakatoka: Vietnam ikakatwa kwenye mstari wa latitudo wa 17. Serikali ya Bao Dai, aliyekuwa Mkuu wa Dola, haikutia sahihi. Mjumbe wake, Tran Van Do, alisimama akapinga, na upinzani wake haukubadili neno.

Wako wasomao habari hizi wakatoa hukumu nyepesi: mfalme ananunua almasi na huku nchi yake inakatwa vipande. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka. Bao Dai alizaliwa Hue mwaka wa 1913, akatawazwa mwanzoni mwa 1926, mtoto wa miaka kumi na miwili, kisha akarejeshwa Ufaransa masomoni hata mwaka wa 1932. Aliporudi alijaribu kutawala. Mwaka wa 1933 alimteua kijana mmoja hodari, Ngo Dinh Diem, awe waziri. Haikupita miezi mingi Diem akajiuzulu, kwa kuwa Wafaransa hawakutoa madaraka waliyoombwa. Mfalme alibakiwa na mavazi, uwindaji na magari. Mtu aliyelelewa kumiliki vitu na kukatazwa kumiliki amri, si ajabu akijua kuchagua saa. Udhaifu wake siufichi, kwani wenziwe waliokataa malezi ya namna hiyo walikuwapo, na Diem alikuwa mmoja wao. Ni Diem huyo huyo aliyeteuliwa naye tena mwezi wa Juni 1954 kuwa waziri mkuu, na mwaka wa 1955 akamwondoa kwa kura ya maoni iliyotangazwa kuwa imempa Diem asilimia 98.2. Mjini Saigon kura zilizohesabiwa zilizidi idadi ya wapiga kura walioandikishwa.

Ili tuipime saa, yafaa kuiweka kando ya kitu kingine cha mtu huyo. Tarehe 30 Agosti 1945, mbele ya lango la kasri ya Hue, Bao Dai alivua ufalme akawakabidhi wajumbe wa Viet Minh upanga na mhuri wa dhahabu. Mhuri huo ulisubuliwa mwaka wa 1823 katika enzi ya Minh Mang, nao una uzito wa kilo 10.78. Vita vilipopamba moto Wafaransa wakavipata vitu hivyo, na mwaka wa 1952 wakavirudisha upande wa Bao Dai. Mwisho wa 2022 mhuri ulitangazwa kunadiwa Paris. Serikali ya Vietnam ikaingilia, mnada ukaondolewa, na baada ya majadiliano mkusanyaji mmoja wa Vietnam akaununua kwa zaidi ya yuro milioni 6. Ulirejea nchini mwezi wa Novemba 2023.

Basi hapo pana vitu viwili vya dhahabu vilivyopita mkononi mwa mtu mmoja, na bei zake zakaribiana. Kimoja kilihesabiwa kuwa amana ya taifa. Kingine kilikwenda minada miwili kikauzwa kama mali ya mtu binafsi, ijapokuwa aliyekinunua, kwa hesabu ya hadithi yenyewe, alikuwa Mkuu wa Dola wakati wa kukinunua. Swali la fedha za nani zililipwa katika duka lile si swali la kuulizwa na mnadi, wala simlaumu, maana kazi yake ni kuuza. Mwanahistoria wa Vietnam atakayeandika habari za hazina ya dola ile, tangu 1949 hata 1955, ndiye anayelihitaji.

Bao Dai alifariki Paris mwaka wa 1997, akazikwa katika makaburi ya Passy. Saa aliimiliki hadi kufa. Ni jamaa zake walioipeleka mnadani mwaka wa 2002.