Wimbo Usiomtaja Mtu: Hadhira na Michezo ya Nyimbo katika Uganda na Kenya, 1971–1982

Utangulizi

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kufundisha fasihi simulizi amekwisha kuandika ubaoni maneno matatu: fanani, utungo, hadhira. Mawili ya kwanza huchukua kipindi kizima. La tatu aghalabu huelezwa kwa sentensi moja, na kengele inapolia huwa limekwisha kusahauliwa. Makala haya yanakusudia kulirudishia neno hilo la tatu heshima yake, kwa kutazama historia ya michezo miwili ya kuigiza iliyojengwa juu ya nyimbo: mmoja wa Uganda na mmoja wa Kenya. Tutajaribu kuonyesha kwamba maana ya michezo hiyo ilikamilishwa na masikio ya waliosikiliza, na kwamba watawala walilitambua jambo hilo mapema kuliko sisi walimu.

Kilichotuchochea kuandika ni swali la mwanafunzi. Tunafundisha Nyamitanga, kilima cha mji wa Mbarara kilicho karibu na Mto Rwizi, penye kanisa kuu la Kikatoliki na pia wakazi wengi Waislamu. Miongoni mwa wanafunzi wetu wamo waliozaliwa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro. Huko Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo wanaishi pamoja, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha wanazokutania. Siku moja tulikuwa tukisimulia habari za Byron Kawadwa, mwandishi wa Uganda aliyeuawa baada ya mchezo wake kuonyeshwa. Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, kama wimbo haukumtaja mtu, yeye alijuaje kuwa ni wake?" Siku ile hatukuwa na jibu la kutosha.

Wimbo wa Bwana Jogoo

Kawadwa alikuwa miongoni mwa waandishi mashuhuri wa michezo ya kuigiza kwa Kiluganda. Katika miaka ya 1960 alianzisha kikundi cha Kampala City Players, na katika miaka ya 1970 alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza la Kampala, jengo lililofunguliwa mwaka 1959. Mwaka 1971 alitoa mchezo wa nyimbo ulioitwa Oluyimba lwa Wankoko, na muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Wasomaji wetu hawahitaji mkalimani ili kulielewa jina hilo. Katika oluyimba mna kuimba kulekule kwa Kiswahili, na katika Wankoko mna enkoko, yaani kuku. Ni Wimbo wa Bwana Jogoo. Ajabu ni kwamba Kinyankole cha hapa Mbarara, kilicho jirani wa Kiluganda, husema okweshongora kwa maana ya kuimba. Hivyo jina la mchezo huu humfikia Mswahili wa pwani kwa wepesi kuliko Mnyankole wa Kamukuzi.

Kisa chake ni cha mtu mwenye uchu wa madaraka anayeuvuruga ufalme kwa fitina. Hakuna Obote katika mchezo huo, wala hakuna Amin. Lakini hadhira ya Kampala ya mwaka 1971 iliingia ukumbini na jeraha lisilopona. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilikuwa limeishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Mutesa II alikimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa, na ufalme wa Ankole pamoja nazo. Ikulu ya Kamukuzi hapa Mbarara ikabaki bila Mugabe. Mtu aliyeyapitia hayo, akaketi gizani akamwona mfitini akiuangusha ufalme kwa nyimbo na vicheko, hakuhitaji kuelezwa. Wahakiki wa tamthilia ya Uganda wameueleza mchezo huu kuwa ni fumbo la mgogoro ule wa 1966.

Yafaa tukumbuke kwamba Obote alikuwa amekwisha kupinduliwa tarehe 25 Januari 1971, na kwamba mwaka uleule Amin aliruhusu mwili wa Mutesa urudishwe na kuzikwa nchini kwa heshima. Wimbo uliomchoma mtu aliyekwisha kuondoka haukumwasha aliyeketi kitini. Pengine hata ulimfurahisha.

Masikio yalipobadilika

Miaka sita ilipita. Katika miaka hiyo Waganda waliona watu wakichukuliwa majumbani na maofisini na wasirudi tena. Mwaka 1977, kuanzia tarehe 15 Januari hadi 12 Februari, lilifanyika mjini Lagos, Nigeria, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi lijulikanalo kama FESTAC. Uganda ilipeleka Oluyimba lwa Wankoko.

Mchezo ulikuwa uleule. Aliyebadilika ni mtu wa kitini, na vazi la Bwana Jogoo likamkaa huyu mpya vizuri kuliko lilivyomkaa yule wa kwanza. Muda mfupi baada ya kurudi kutoka Lagos, Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama katika Jumba la Taifa, mahali pake pa kazi, akauawa. Ndio mwaka ambao Askofu Mkuu Janani Luwum naye aliuawa, tarehe 16 Februari. Wako wanaosema kwamba kilichomponza Kawadwa ni Wankoko. Wako wanaoutaja mchezo wake mwingine, juu ya Mtakatifu Charles Lwanga na mashahidi waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kwa hoja yetu tofauti hiyo si kubwa. Michezo yote miwili ilisimulia habari za watawala wengine, na yote miwili ilisikiwa kana kwamba inamsimulia yule aliyekuwapo.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wetu linapopata jibu lake la kwanza. Wahenga walisema: Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Anayelijua taarabu la Unguja au la Mombasa ameliona jambo hili mara nyingi. Mwimbaji haimbi jina la mtu. Lakini beti ifikapo mahali fulani, mwanamke mmoja huinuka, hupita mbele kwa maringo, hutunza, na macho yote humgeukia mwanamke mwingine aliyeketi. Huyo aliyeketi hujuaje kuwa kaimbiwa yeye? Hujua kwa kuyaona macho ya wenziwe. Mtawala naye ni vivyo hivyo. Hata kama maneno ya mchezo yamempita, kicheko cha ukumbi hakimpiti. Na vibaraka wake ukumbini, waliotumwa kusikiliza, humpelekea habari za kicheko hicho.

Mazoezi yaliyogeuka maonyesho

Kutoka Uganda na tuvuke mpaka hadi Limuru, Kenya, ambako katika miaka ileile hadhira ilipewa nafasi kubwa zaidi. Wanakijiji wa Kamirithu walijijengea ukumbi wa wazi wa kuketi watu wapatao 2,000. Tarehe 2 Oktoba 1977 walianza kuonyesha Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yake yalifanywa hadharani. Wakulima na vibarua waliokuja kutazama walisahihisha lugha ya waigizaji na namna ya kumsemesha mzee. Waliopitia vita vya Mau Mau walisahihisha historia. Kibali cha mchezo huo kiliondolewa tarehe 16 Novemba, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Aliachiliwa Desemba 1978.

Mchezo wa pili wa Kamirithu ndio unaotuhusu hasa. Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie, ulikuwa mchezo wa nyimbo na ngoma juu ya Kenya ya ukoloni katika miaka ya 1920 na 1930, zama za kipande na kazi za mashamba ya walowezi. Ndani yake mlikuwa na nyimbo zaidi ya 80 kutoka kwa makabila mbalimbali ya Kenya. Ulipangwa kuanza tarehe 19 Februari 1982 katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Nairobi. Sheria ya wakati ule ilidai kibali, na kibali hakikutolewa. Wasanii walipofika waliikuta milango imefungwa.

Ikabaki njia moja: mazoezi. Waliyaendesha katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakaja kuyatazama. Kwa jina yalikuwa mazoezi. Kwa kweli yalikuwa maonyesho yenyewe. Kila usiku ukumbi ulifurika, na katika siku zile chache watu zaidi ya 10,000 waliuona mchezo huo kabla ya chuo nacho kuwafungia mlango. Tarehe 12 Machi 1982 polisi wenye silaha walipelekwa Kamirithu wakaubomoa ule ukumbi wa wanakijiji. Mwaka huohuo Ngũgĩ wote wawili wakawa uhamishoni.

Yatupasa kujiuliza: serikali iliogopa nini katika mchezo juu ya miaka ya 1920? Wazungu waliochekwa humo walikuwa wamekwisha kuondoka. Aidha, hakuna mtazamaji aliyezijua lugha zote za nyimbo zile. Hata hivyo walikuja, walilia na walishangilia. Mwandishi wa Sweden, Ingrid Björkman, alichapisha mwaka 1989 kitabu kizima juu ya mchezo huu na jinsi ulivyopokewa na waliouona. Twaweza kusema kwamba mtazamaji aliyelipwa ujira mdogo siku ile ya Februari 1982 hakutenganisha kipande cha babu yake na hali yake mwenyewe. Kazi ya kuunganisha aliifanya yeye. Hakuandikiwa na mtu. Kazi hiyo haiwezi kufutwa kwa kalamu ya mkaguzi, ndiyo maana badala yake ukabomolewa ukumbi.

Masikio ya Mbarara

Somo hili linatugusa sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda kwa njia ya pekee. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa watu wa Mbarara tangazo hilo lilikuja wakati mbaya. Tarehe 17 Septemba 1972 wapinzani wa Amin waliotokea Tanzania walikuwa wameushambulia mji huu na kambi ya Simba, wakashindwa. Na baadaye wengi walioshukiwa kuwaunga mkono waliuawa. Kwa mzee aliyeyaona hayo, neno simama si kitenzi cha silabi tatu. Ni kizuizi cha barabarani. Kwa mtoto wa Nakivale neno hilohilo ni la mchezo wa uwanjani, au la mama anayemfunga mtoto viatu. Neno ni moja, masikio ni mawili.

Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tuliipokea habari hiyo kwa shangwe. Lakini amri haimlazimishi mtu asikie tunachokisikia sisi. Mwalimu anayeingia darasani bila kujua watoto hawa na wazazi wao wamewahi kusikia nini katika lugha hii ni kama fanani aliyeukosea ukumbi.

Hitimisho

Muhula uliofuata tulifanya zoezi dogo. Yule msichana aliimba darasani wimbo wa Kibembe aliofundishwa na bibi yake, pasipo kueleza maana, na wenziwe wakaandika walichosikia. Wanyankole wengi waliandika kuwa ni wimbo wa msiba. Mvulana wa Kisomali aliandika kuwa ni wa safari. Msichana mwenyewe alisema kwamba kwao huimbwa wavuvi wanapochelewa ziwani. Tuliwasomea majibu yote, na kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha yule mvulana akauliza kama wavuvi walirudi.

Tunapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba zoezi la namna hii lifanywe kabla ya kuandika neno hadhira ubaoni. Tunapendekeza pia kwamba habari za Kawadwa na za Kamirithu zisomeshwe kwa tarehe zake, ili mwanafunzi ajue kwamba kusikiliza nako ni kazi, na kwamba wako waliolipa kwa roho zao kwa sababu wasikilizaji wao waliifanya kazi hiyo vizuri.